Maneno Kumi na Mawili Kwenye Pindo la Aproni

Jumatatu, 3 mwezi wa nne

Mvua imeanza leo kabla ya chai. Ilianza kwa adabu, matone mawili matatu juu ya bati, kisha ikamwagika kama mtu aliyekuwa akijizuia tangu jana. Tulikuwa na shuka arobaini kwenye kamba. Tukakimbia sote sita, na mimi na goti langu hili, nikafika wa mwisho na kutukana wa kwanza. Watu hudhani adui wa dobi ni uchafu. Uchafu ndio unaotulisha. Adui ni maji tusiyoyaita sisi.

Jumanne, 4

Mvua.

Jumatano, 5

Metroni wa hospitali ya wazazi amelirudisha furushi zima la jana. Amekuja nalo mwenyewe, akalibwaga juu ya benchi la kupigia pasi.

"Bibi, hizi shuka mbichi."

"Mbichi ni ndizi, mwanangu. Hizi zina unyevu kidogo."

"Kidogo? Nikukamulie hapa?"

Akalishika pindo akalikamua, na kweli tone likaanguka juu ya kiatu chake cheupe. Hakucheka. Mkataba wetu unakwisha mwisho wa mwezi, na amesema furushi likirudi bichi mara moja tu, kazi inakwenda kwa kampuni yenye mashine. Bila hospitali ile sisi ni wanawake sita wenye mikono misafi na sufuria tupu. Ndivyo ilivyo, sina haja ya kuipaka sukari.

Mwanamke yule alizaliwa akiwa amenuna.

Alhamisi, 6

Tumekausha kwa pasi za mkaa mpaka vidole vimevimba. Shuka kumi na moja kwa siku nzima. Hospitali inataka arobaini.

Jumamosi, 8

Nimepata habari, na safari hii ni ya maana. Ile hoteli ya ghorofa tatu karibu na kituo cha mafuta inafungwa, na Meneja wake anauza kila kitu, kuanzia vijiko. Nimekwenda na Bi Kelele, ambaye ndiye mwenzangu wa beseni tangu tukiwa na meno yote. Tumeiona. Mashine ya kukaushia, ndefu kunizidi, ina mlango wa kioo kama dirisha la meli na tumbo linalomeza shuka ishirini kwa mara moja. Joto lake linatoka kwenye mtungi wa gesi. Nilitia kichwa ndani. Ilinukia sabuni ya matajiri.

Meneja anahamia kwa watoto wake ng'ambo, anaondoka Jumapili ya tarehe 23. Nikamuuliza bei, akaitaja. Bi Kelele akakohoa. Nikamwambia Meneja kwamba tunayo akiba, ila si noti, ni zile sarafu za mtandaoni, bitkoini.

Akanitazama kuanzia kilemba mpaka ndala. "Wewe, mama?"

"Mimi. Umeona nini?"

"Sijaona kitu. Nipeni hizo hizo. Noti za hapa nikifika kule nitafungia maandazi."

Niieleze akiba yetu, maana hata mimi ilinichukua muda kuielewa. Zamani kikundi kilikuwa kinaweka pesa kwenye sanduku la bati. Mweka hazina akaenda nalo msibani kwao, na msiba ule haujaisha mpaka leo. Ndipo mjukuu wangu wa kike, mwenye kichwa chepesi cha mambo haya, akatufungulia pochi ya bitkoini. Pesa hizo hazikai kwenye sanduku wala benki. Hesabu yake inashikwa na kompyuta nyingi za dunia kwa pamoja, na ufunguo wa pochi ni maneno kumi na mawili, kwa mpangilio wake. Mwenye maneno ndiye mwenye pesa.

Maneno yenyewe ya Kiingereza. Mimi Kiingereza sijui, na miaka mitatu iliyopita hata herufi moja nilikuwa siijui. Mjukuu akanitafsiria moja moja, nami nikayashona kwa uzi kwenye pindo la aproni yangu, kila neno na picha yake, kama tunavyotia alama nguo za wateja. Kisha akaichoma karatasi. "Pesa si yangu, Bibi. Nikiyashika mimi, mtalala mkiniwaza." Simu aliyoifungulia pochi ilizama kwenye beseni la sabuni mwaka jana. Akasema si kitu, simu yoyote yenye intaneti itafungua, mradi maneno yapo.

Yapo. Ninayavaa kila siku.

Jumapili, 9

Goti.

Jumanne, 11

Kikao cha kikundi. Wanne wamekubali, Bi Kelele amepinga, na mimi sihesabiwi kwa sababu ndimi niliyelileta jambo.

"Pesa za hewani," anasema Bi Kelele. "Miaka mitatu tunaweka, nani amezishika? Nani amezinusa?"

"Na zile za sanduku ulizinusa?"

"Zile angalau nilisikia zikigonga."

Sauti yake ilifika barabarani, mwendesha baiskeli akageuka. Mwishoni akakubali, kwa masharti ya katiba yetu: pesa haitoki mpaka mashine izunguke mbele ya macho yetu. Ijumaa tunakwenda kwa fundi simu atufungulie pochi kwenye simu yake.

Alhamisi, 13

Daraja limechukuliwa na maji, na pamoja na daraja umekwenda waya mnene uliopita chini yake, ule unaoleta intaneti mji mzima. Benki imefungwa. Ofisi ya posta imefungwa. Vijana wamekaa barazani wakiangalia simu zao kama watu wanaoangalia maiti.

Ijumaa, 14

Fundi simu amewasha simu yake kubwa mbele yetu. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Tumekitazama kuliko nilivyowahi kumtazama mume wangu. Wanasema waya utachukua wiki tatu, labda nne.

Jumamosi, 15

Meneja amesema anasikitika, na nadhani anasikitika kweli. Mnunuzi wa vyuma chakavu amefika na noti zake mkononi. Hataki mashine, anataka bati lake na mota, ataikata vipande palepale uani kwa gesi.

"Nipe mpaka Jumamosi ijayo," nikamwambia.

"Jumamosi saa nane mchana anakuja na mtungi wake. Siwezi kuisafirisha, mama. Siwezi kuibeba mgongoni."

Njiani Bi Kelele hakusema neno. Heri angesema.

Jumatatu, 17

Simu ya kawaida bado inashika, maana mnara ni mzima, kilichokatika ni intaneti tu. Nimempigia mjukuu chuoni kwao.

"Mke mwenza, hujambo?"

"Sijambo Bibi. Mume wetu hajambo?"

"Mume wetu yuko makaburini, anapumzika na maneno yako. Sikiliza, nina shida."

Nikamweleza yote. Nikasikia anatabasamu. Mtu akitabasamu kwenye simu inasikika.

"Bibi, huku kwetu intaneti ipo. Nisomee maneno kwa simu hii hii. Nitaifungua pochi huku, nizihamishe zote ziingie kwenye namba yako ya simu."

"Na mimi nitazitoaje huku gizani?"

"Kuna huduma ya bitkoini hizo hizo. Unabonyeza nyota, tarakimu, reli, kama unavyoangalia salio. Haitaki intaneti hata chembe. Kitochi chako kinatosha."

"Hiki kisimu kilichofungwa raba?"

"Hicho hicho. Au nimtumie Meneja moja kwa moja?"

"Thubutu. Nitabonyeza mwenyewe nikiwa nimeiegemea mashine."

Jumanne, 18

Leo ndiyo ilikuwa siku yake. Tatizo ni kwamba ukuta wa chumba chetu ni mbao, upande wa pili kuna watu wanasubiri kinyozi, na neno likisikika ni kama ufunguo umeachwa mlangoni. Nikawaambia wenzangu watano watoke nje, barazani, wafue kwa nguvu na waimbe. Bi Kelele nikamweka karibu kabisa na ukuta. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwomba apaze sauti. Kinyozi alikuja kulalamika mara mbili.

Mimi nikavua aproni, nikaiweka magotini, nikaanza kusoma pindo kutoka kushoto. Picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Uzi wa buluu umefifia lakini mkono wangu unaujua. Mjukuu akawa anayageuza Kiingereza na kuyaandika. Kumi na mawili, tukamaliza.

"Bibi, inakataa. Inasema maneno hayalingani."

Tukarudia. Nikamweleza kila picha ilivyo, ina miguu mingapi, ina mkia au haina. Inakataa. Tukarudia mara ya tatu mpaka salio la simu likaisha. Nje walikuwa wamefika kwenye nyimbo za harusi.

Nilipotoka, waliacha kuimba mmoja mmoja. Bi Kelele akaliweka chini shuka alilokuwa akilifua.

"Zimerudi hewani," akasema, kwa sauti ndogo. Sikujua kwamba anayo sauti ndogo.

Jumatano, 19

Nimempigia mara nne. Tumebadilisha hili na lile. Mjukuu anasema neno moja tu likikosewa mlango hauoni mgeni wala mwenyeji. Anasema pia kuna maneno elfu mbili ya kuchagua. Nikamwambia asinipe tena habari za namna hiyo.

Miaka mitatu ya mikono ya watu sita iko mahali, na mimi ndiye niliyeshona kufuli lake. Nimekula chakula chao bila kutaka.

Alhamisi, 20

Nitaandika mengi leo, mkono ukichoka na uchoke.

Bi Kelele hakuja kazini. Nikadhani ni hasira, nikaenda kwake nimejiandaa kwa matusi. Nimemkuta kitandani ana homa, anatetemeka, na pembeni ya kitanda amekaa Metroni. Miguu yake ina matope mpaka magotini. Amesikia mgonjwa ni mmoja wa madobi wake, ndivyo alivyosema, madobi wangu, akaja na dawa baada ya zamu.

"Sikujua kwamba unatembelea watu," nikamwambia.

"Nami sikujua kwamba unaweza kusalimia."

Tukakaa. Kisha akaniambia jambo ambalo hakulisema siku ile ya furushi. Wiki ile mtoto mchanga, wa siku mbili, alilazwa juu ya shuka yetu. Alipomshika asubuhi alikuwa wa baridi kama kopo. Alimtia kifuani mwake ndani ya gauni saa nzima mpaka akalia. Mtoto yuko salama, amekwenda kwao. "Lakini mikono iliyomshika ni hii," akasema. Wakubwa wa hospitali walitaka kutufukuza siku hiyo hiyo. Yeye ndiye aliyeomba tuachiwe mpaka mwisho wa mwezi.

Kule juu niliandika kwamba alizaliwa akiwa amenuna. Sifuti. Nimeacha pale nione aibu nikisoma.

Sasa dawa. Kidonge kikubwa kama kifungo cha koti. Bi Kelele kafumba mdomo, yeye ambaye hajawahi.

"Meza," nikamwambia.

"Kikubwa."

"Umemeza maneno ya watu miaka yote, kidonge kitakushinda? Meza."

"Kitanikaba."

"Meza, mama. Haya, na maji. Meza."

Na hapo nikasikia kinywa changu mwenyewe.

Nikarudia polepole. Meza. Metroni akaniangalia kama anayetaka kunipima joto na mimi. Nikalishika pindo la aproni, picha ya tisa, na sasa naweza kuiandika kwa kuwa pochi ile haina kitu tena: ilikuwa picha ya meza, ubao na miguu minne, nimeishona vizuri sana, hata droo nimeitia. Siku ile mjukuu aliniambia "meza," na mimi dobi, ninayeshinda kwenye meza ya pasi kutwa, nikashona samani. Kumbe alikuwa ananiambia kumeza.

Nikampigia palepale, kwa simu ya Metroni maana yangu haina salio.

"Mke mwenza. Lile la tisa. Si meza ya kulia chakula. Ni meza dawa."

Nikasikia vidole vyake vinagonga.

"Kwa Kiingereza hayo ni maneno mawili mbali mbali, Bibi," akasema taratibu, bado anagonga. "Na yote mawili yamo kwenye orodha." Akagonga mara ya mwisho. "Bibi. Imefunguka."

"Sema tena."

"Imefunguka. Ninaziona. Zote zipo, na zimezaa kidogo."

Nimekaa chini sakafuni na goti langu hili bila kuhisi chochote. Mjukuu kule analia na kucheka, mimi huku vilevile, na Bi Kelele akainuka kwenye mto akauliza kuna nini. Nikamwambia, "Hewa imejibu." Akakimeza kidonge bila maji.

Muda mfupi baadaye nilikuwa nimerudi nyumbani, kitochi kikatetemeka mezani. Ujumbe. Nimeusoma kwa kidole, neno kwa neno, mara tatu. Pesa ya kikundi imo ndani ya simu iliyofungwa raba.

Ijumaa, 21

Hotelini, mbele ya mashine. Tumekwenda sote sita, Bi Kelele akiwa amejifunga mablanketi mawili, amekataa kubaki. Meneja akawasha. Ikanguruma, ikaanza kuzungusha tumbo, kioo kikapata joto. Nilikuwa nimebeba shuka moja iliyolowa. Nikaitia ndani, baada ya robo saa ikatoka kavu, ina harufu ya jua. Mdogo wetu wa kikundi akaiweka shavuni, hakutaka kuirudisha.

"Haya, lipa," akasema Meneja, kitochi chake mkononi.

Nyota, tarakimu, reli. Menyu ikaja. Mjukuu alinifundisha mpangilio wake kama wimbo, na mimi jambo la kukariri halinishindi, nimekariri mashati ya mji huu wote. Kutuma ni mbili. Namba ya Meneja. Kiasi. Kisha kinakuja kipande cha kuthibitisha, na mimi siwezi kuthibitisha kitu ambacho sijakisoma. Nikaanza kusoma kwa kidole. Unataka. Kutuma. Skrini ikazimika. Muda umekwisha.

Mara ya pili nikafika kwenye namba. Ikazimika.

Meneja akaitazama saa yake. "Mama, bonyeza tu ndiyo."

"Wewe ulishawahi kutia saini usichokisoma?"

"Mara nyingi."

"Ndiyo maana hoteli imefungwa."

Mara ya tatu nikamwita Bi Kelele. Alisoma mpaka darasa la nne, macho yake yanakimbia. Miaka mitatu ameipinga pesa hii, na mimi nikamwekea simu mbele ya pua nikamwambia, "Soma. Nakuamini."

Akasoma. Alisoma kwa sauti ile yake yote, iliyotoka na homa, kila tarakimu ya namba ya Meneja, kila tarakimu ya kiasi, mpaka wapishi wa zamani wakachungulia kutoka jikoni. Nikaikagua kwa sikio. Sawa. Akageuza uso ukutani wakati naingiza namba ya siri. Nikabonyeza.

Tukasubiri. Mashine inazunguka, mvua juu ya paa, watu saba hatupumui.

Simu ya Meneja ikalia. Akabonyeza nyota yake na reli yake, akasoma salio, akalisoma tena. Mji mzima hauna intaneti, benki imefungwa, na pesa imetoka kwenye mkono wangu ikafika kwenye mkono wake hatua mbili kutoka hapo.

"Imeingia," akasema. Akavua kofia. "Mama, nimefanya biashara na watu wenye tai miaka ishirini. Hakuna aliyenikagua namna hii."

Bi Kelele akaiwekea mkono mashine. "Nimeinusa," akasema.

Jumamosi, 22

Mkokoteni wa magurudumu manne, wanaume wanane, na sisi tukisukuma nyuma kwenye matope. Saa nane kasoro tulipishana na mnunuzi wa vyuma chakavu langoni, na mtungi wake begani. Nikamsalimia vizuri sana.

Jumapili, 23

Fundi umeme. Fundi gesi. Wamegombana. Imewaka.

Jumatatu, 24

Shuka arobaini, kavu zote, kabla ya chakula cha mchana. Nimezipeleka mwenyewe zikiwa bado na joto, nikamwambia Metroni atie mikono katikati ya furushi. Akaitia mpaka viwiko, akafumba macho, akakaa hivyo muda. Kisha akachukua ya juu kabisa, akaenda nayo moja kwa moja wodini kwa mama aliyejifungua alfajiri. Nilimwona kupitia mlango akimfunga mtoto. Kitu kidogo chekundu, kinapiga miayo.

Jumanne, 25

Bi Kelele amepona. Tumejua kabla hajafika kona.

Jumatano, 26

Tumewaweka watu foleni. Wamesikia. Kuna anayeleta suti, kuna anayeleta godoro. Godoro nimemrudishia.

Jumamosi, 29

Mkataba. Miaka miwili, na wameongeza wodi ya upasuaji. Mkubwa wa hospitali alitaka kujua kampuni yetu ina mtaji gani. Metroni akamjibu kabla yangu: "Wana mashine, na hawadaiwi na mtu." Bi Kelele akausoma mkataba wote kwa sauti, kurasa nne, tukiwa tumesimama nyuma yake, na mkubwa akalazimika kusubiri mpaka nukta ya mwisho. Tukatia saini sote sita.

Intaneti bado haijarudi. Wanasema mwezi ujao.

Jumapili, 30

Imenyesha kutwa nzima. Tumeiacha inyeshe.